Dawa za Kuzuia Homoni katika Saratani ya Matiti na Mwenendo wa Sukari Mwilini: Mazingatio kwa Wagonjwa wa Mtwara na Pwani ya Ruvuma

Saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake wa Tanzania, ikitanguliwa na saratani ya mlango wa kizazi. Makadirio ya kimataifa ya mwaka 2020 yaliweka idadi ya wagonjwa wapya nchini kuwa takribani 4,000 kwa mwaka. Wengi wao hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kusambaa. Hata hivyo, idadi ya wanaogunduliwa mapema, wakatibiwa na kurejea kwenye shughuli zao, inaongezeka. Kwa sehemu ya wanawake hao, matibabu hayaishii chumba cha upasuaji wala katika tibakemikali. Hurudi nyumbani na vidonge vya kuzuia homoni, kidonge kimoja kila siku, kwa muda wa miaka 5 na pengine 10.

Vidonge hivyo vinaokoa maisha. Lakini katika miaka hiyo ya kuvimeza, baadhi ya wagonjwa huanza kuona dalili ambazo hawakuzitarajia: kiu isiyokwisha, kukojoa mara kwa mara usiku, uchovu, vidonda visivyopona upesi. Wakipimwa, sukari imepanda. Hapo huzuka maswali mawili. Je, dawa ndiyo iliyoleta kisukari? Na je, iachwe? Kwa mwanamke wa Msimbati au Mahurunga, anayekwenda Taasisi ya Saratani Ocean Road jijini Dar es Salaam kwa safari ya zaidi ya kilomita 550, maswali hayo si ya nadharia. Akikosa mtu wa kumjibu karibu na kwake, huenda akajijibu mwenyewe kwa kuacha dawa. Makala haya yanaeleza yanayojulikana kuhusu uhusiano wa dawa hizi na sukari mwilini, na hatua zinazoweza kuchukuliwa katika mazingira ya Mtwara.

Homoni na uvimbe wa titi

Estrojeni ni homoni inayotengenezwa zaidi na ovari za mwanamke kabla ya kukoma hedhi. Hufanya kazi kwa kujishikiza kwenye vipokezi vilivyomo ndani ya seli, mfano wa ufunguo unaoingia katika kitasa chake. Katika baadhi ya saratani za matiti, seli za uvimbe zina vipokezi hivyo kwa wingi, na estrojeni inapojishikiza huzichochea kugawanyika na kuongezeka.

Jambo hilo lilianza kudhihirika mwaka 1896, pale daktari mpasuaji George Beatson wa Glasgow, Uskoti, alipochapisha taarifa kwamba kuondoa ovari kulisinyaza uvimbe wa saratani ya matiti iliyokwisha kusambaa. Wakati huo neno homoni lilikuwa bado halijaanza kutumika katika tiba. Dawa ya tamoksifeni ilitengenezwa Uingereza mwaka 1962 na watafiti waliokuwa wakitafuta dawa ya kuzuia mimba. Haikufaa kwa kazi hiyo, lakini ilikuja kuwa miongoni mwa dawa muhimu zaidi katika historia ya tiba ya saratani. Iliidhinishwa Uingereza mwaka 1973 na Marekani mwaka 1977, na leo imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Dawa za kuzuia homoni ziko katika makundi makuu matatu. La kwanza ni tamoksifeni, ambayo hukalia kipokezi cha estrojeni ndani ya seli za titi na kuizuia homoni isiingie. Dozi yake ya kawaida ni miligramu 20 kwa siku, na hutumiwa na wanawake ambao hedhi haijakoma pamoja na wale ambao imekoma. Kundi la pili ni dawa zinazozuia kimeng'enya kiitwacho aromatasi, yaani anastrozoli, letrozoli na eksemestani. Baada ya hedhi kukoma, ovari hupumzika, lakini mwili huendelea kutengeneza estrojeni kidogo kwa kugeuza homoni nyingine katika tishu za mafuta. Aromatasi ndiyo inayofanya ugeuzaji huo, na dawa hizi huuzuia. Kundi la tatu ni sindano za kuzimisha ovari, mfano wake goserelini, ambayo hutolewa kila baada ya siku 28. Wakati mwingine ovari huondolewa kabisa kwa upasuaji.

Si kila mgonjwa wa saratani ya matiti anahitaji dawa hizi. Zinafaa pale tu kipimo cha nyama iliyokatwa kutoka kwenye uvimbe kinapoonyesha kuwa seli zina vipokezi vya homoni. Katika nchi za Ulaya na Amerika ya Kaskazini, takribani wagonjwa 7 kati ya 10 wana vipokezi hivyo. Tafiti zilizofanywa katika hospitali za rufaa za Tanzania, zikiwamo Muhimbili na Bugando, zimeonyesha kiwango kilicho chini ya hapo. Kwa sababu hiyo kipimo cha vipokezi ni cha lazima kabla ya kuanza dawa. Mwanamke asiye na vipokezi akimeza tamoksifeni atabeba madhara yake bila kupata faida yake.

Kazi ya estrojeni katika kutunza sukari

Wengi huifahamu estrojeni kuwa ni homoni ya uzazi tu. Ukweli ni kwamba vipokezi vyake vimo pia katika misuli, ini, tishu za mafuta, ubongo na kongosho. Viungo hivyo ndivyo vinavyoshirikiana kutunza kiwango cha sukari katika damu.

Baada ya mtu kula ugali au wali, wanga humeng'enywa na kuwa sukari, nayo huingia katika damu. Kongosho hutoa insulini, ambayo huziamuru seli za misuli na mafuta kuipokea sukari hiyo, na kuliamuru ini liache kumwaga sukari yake ya akiba. Estrojeni huisaidia insulini katika kila hatua. Katika misuli, huzifanya seli ziitikie amri ya insulini upesi. Katika ini, hupunguza utengenezaji wa sukari na mrundikano wa mafuta. Katika ubongo, husaidia kudhibiti hamu ya chakula na matumizi ya nishati. Katika kongosho, huzilinda seli zinazotengeneza insulini zisichakae mapema. Aidha, huelekeza mafuta yatuame zaidi kwenye nyonga na mapaja, mahali ambapo hayana madhara makubwa, badala ya kujaa tumboni kuzunguka ini na matumbo.

Ushahidi mmoja wa kipekee ulichapishwa nchini Marekani mwaka 1994. Ulimhusu mwanamume wa miaka 28 ambaye kwa hitilafu ya kurithi vipokezi vyake vya estrojeni havikufanya kazi. Homoni ilikuwamo mwilini mwake, lakini seli hazikuweza kuitambua. Mifupa yake ilikuwa bado inarefuka, na urefu wake ulifikia sentimita 204. Pamoja na hayo, insulini yake ilikuwa juu kupita kiasi na mwili wake ulikuwa na shida ya kuihimili sukari. Kisa hicho kilionyesha kwamba hata kwa mwanamume, estrojeni ina sehemu yake katika kulinda mwili dhidi ya kisukari.

Basi dawa inapozuia estrojeni, kinga hiyo hupungua. Misuli huanza kuwa mizito kuitikia insulini, mafuta hukusanyika tumboni, na kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi kwa kazi ileile. Hali hiyo huitwa ukinzani wa insulini. Kongosho lenye nguvu huweza kuihimili kwa miaka mingi. Lililokwisha kuelemewa, kwa umri, kwa unene au kwa urithi, hushindwa, na sukari hupanda.

Tamoksifeni ina tabia ya pekee. Huzuia estrojeni katika titi, lakini katika mifupa na mji wa mimba hufanya kazi kama estrojeni. Kwenye ini, baadhi ya wagonjwa wanaoitumia hupata mrundikano wa mafuta, na aina ya mafuta ya damu iitwayo trigliseridi huweza kupanda. Ini lenye mafuta mengi haliisikii insulini vizuri. Dawa za kuzuia aromatasi, kwa upande wake, hushusha estrojeni karibu kuimaliza mwilini mwote.

Tafiti zimeonyesha nini

Katika jimbo la Ontario, Kanada, watafiti walifuatilia kumbukumbu za wanawake 14,360 wenye umri wa miaka 65 na zaidi waliotibiwa saratani ya matiti ya hatua za mwanzo. Matokeo yalichapishwa mwaka 2012. Katika muda wa wastani wa miaka 5 hivi, wanawake 1,445, yaani takribani 10 kati ya kila 100, waligunduliwa na kisukari. Waliokuwa wakitumia tamoksifeni walikuwa na uwezekano wa kukipata uliozidi wa wengine kwa asilimia 24. Utafiti huo haukuona ongezeko la uhakika kwa watumiaji wa dawa za kuzuia aromatasi.

Utafiti mwingine, uliofanywa Israeli na kuchapishwa mwaka 2018, ulihusu wanawake 2,246 waliotibiwa saratani ya matiti. Huo ulikuta kuwa hatari ya kisukari kwa waliotumia dawa za kuzuia homoni ilikuwa zaidi ya mara 2 ya wasiozitumia, na kwamba ilikuwa kubwa zaidi kwa dawa za kuzuia aromatasi kuliko kwa tamoksifeni. Hata hivyo, makadirio ya dawa za kuzuia aromatasi yalikuwa na upana mkubwa wa kutokuwa na hakika.

Tafiti hizi mbili zinatofautiana kwa ukubwa wa hatari na hata kwa dawa inayohusika, na zipo nyingine ambazo hazikuona ongezeko lolote. Sababu ni kwamba mambo mengi huandamana. Unene na kutofanya kazi za mwili huongeza hatari ya saratani ya matiti baada ya hedhi kukoma, na huongeza pia hatari ya kisukari. Deksamethazoni, inayotolewa pamoja na tibakemikali ili kuzuia kutapika, hupandisha sukari kwa siku kadhaa. Wagonjwa wengi huongezeka uzito wakati wa matibabu na baada yake. Tena, mgonjwa anayeonana na daktari mara kwa mara hupimwa zaidi, na kisukari chake hugunduliwa mapema kuliko cha jirani yake asiyepimwa.

Ni muhimu pia kuelewa asilimia hizi zina maana gani. Ikiwa wanawake 10 kati ya 100 wangepata kisukari katika miaka 5 bila kutumia dawa, ongezeko la asilimia 24 lina maana kwamba watakuwa 12 au 13. Hatari ikiwa mara 2, watakuwa 20. Hata katika hali hiyo ya pili, wanawake 80 kati ya 100 hawatakipata katika muda huo. Upande wa pili wa mizani kuna faida ya dawa. Uchambuzi wa kimataifa uliojumuisha majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kutumia tamoksifeni kwa miaka 5 hupunguza vifo vya saratani ya matiti yenye vipokezi kwa takribani theluthi moja katika kipindi cha miaka 15. Kisukari kinaweza kupimwa na kutibiwa katika kituo cha afya. Saratani iliyorudi kwenye mapafu, ini au mifupa haina tiba ya kuiponya kabisa.

Kuna tahadhari moja zaidi katika kuyatumia matokeo haya Tanzania. Wanawake wa Ontario walikuwa na wastani wa umri wa karibu miaka 75. Wagonjwa wa saratani ya matiti wa Afrika Mashariki, kwa kawaida, ni vijana zaidi, wengi wakiwa katika miaka ya 40 na 50. Kwa mwanamke wa miaka 40, tibakemikali au sindano ya kuzimisha ovari huweza kumkomesha hedhi miaka 10 kabla ya wakati wake, na kukoma hedhi mapema kunahusishwa na hatari kubwa zaidi ya kisukari. Hivyo si sahihi kudhani kwamba kwa kuwa bado ni kijana, sukari yake haihitaji kuangaliwa.

Nani aangaliwe kwa karibu zaidi

Utafiti wa kitaifa wa viashiria vya magonjwa yasiyoambukiza uliofanyika mwaka 2012 ulikuta kuwa takribani Watanzania 9 kati ya 100 wenye umri wa miaka 25 hadi 64 walikuwa na sukari iliyozidi kiwango au walikuwa wakitumia dawa zake. Wengi wenye kisukari hawajui kuwa wanacho. Kwa hiyo wapo wanawake wanaoanza dawa za homoni wakiwa tayari na kisukari kilichojificha.

Wanaostahili kuangaliwa kwa karibu zaidi ni wenye mzazi au ndugu wa damu mwenye kisukari, wenye uzito mkubwa au mafuta mengi tumboni, waliowahi kupata kisukari cha mimba, wenye shinikizo la juu la damu, wenye umri wa miaka 45 na zaidi, waliopata tibakemikali pamoja na deksamethazoni, na wale ambao hedhi yao imekomeshwa ghafla na matibabu.

Kupima sukari Mtwara

Kipimo cha msingi ni cha tone la damu ya kidole kwa mashine ndogo ya kupimia sukari. Mgonjwa hupimwa asubuhi baada ya kukaa saa 8 bila kula. Kiwango cha milimoli 7.0 kwa lita au zaidi, kikithibitishwa kwa kipimo cha siku nyingine, huonyesha kisukari. Kati ya 6.1 na 6.9 ni hali ya kukaribia kisukari, ambayo bado inaweza kurudishwa nyuma. Sukari ya wakati wowote ikifika 11.1 au zaidi kwa mtu mwenye dalili kama kiu kali na kukojoa sana, kisukari kimethibitika.

Kipo pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari wa miezi 2 hadi 3 iliyopita, na kiwango cha kisukari ni asilimia 6.5 au zaidi. Kipimo hiki ni kizuri, lakini katika mwambao wa kusini kinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hupima sukari iliyoganda kwenye chembe nyekundu za damu, na chochote kinachobadili umri wa chembe hizo hukipotosha. Upungufu wa damu unaotokana na malaria au tibakemikali, upungufu wa madini ya chuma, na vinasaba vya selimundu ambavyo ni vya kawaida katika maeneo yenye malaria, vyote huweza kukipandisha au kukishusha isivyo. Pale HbA1c isipolingana na sukari ya kidole, sukari ya kidole isipuuzwe.

Utaratibu rahisi ni huu: sukari ipimwe kabla ya dawa ya homoni kuanza, ipimwe tena baada ya miezi 3, na baadaye kila miezi 6 hadi 12 kwa muda wote wa matibabu. Mwenye hatari kubwa apimwe mara nyingi zaidi. Kipimo kinachofanyika wiki ileile ya deksamethazoni, au wakati wa homa kali, kirudiwe baada ya hali kutulia. Aliyeondolewa tezi za kwapani achomwe kidole cha mkono wa upande usiofanyiwa upasuaji.

Kazi hii haihitaji safari ya Dar es Salaam. Inaweza kufanyika katika vituo vya afya vya wilaya, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Ligula, katika Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, au Ndanda kwa wanaokaa upande wa Masasi. Inachohitaji ni mtu wa kuikumbuka. Mara nyingi kliniki ya kisukari haijui kwamba mgonjwa anameza tamoksifeni, na kliniki ya saratani haioni kadi ya sukari. Inafaa vipimo vyote viandikwe katika daftari moja, na mgonjwa aende nalo katika kila kliniki.

Chakula, kazi na mwendo

Jaribio kubwa lililofanywa Marekani na kuchapishwa mwaka 2002 lilihusisha watu 3,234 waliokuwa wamekaribia kupata kisukari. Waliopunguza uzito na kufanya mazoezi ya kutembea kwa dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa metfomini walipunguza kwa asilimia 31. Washiriki hawakuwa wagonjwa wa saratani, lakini namna mwili unavyotumia sukari ni ileile.

Katika vijiji vya mwambao, chakula kikuu ni wanga: ugali wa muhogo, wali wa nazi, na katika msimu wake ming'oko iliyochemshwa. Hakuna haja ya kuvisusa vyakula hivyo. Kinachofaa ni kupunguza kipimo chake na kujaza sahani kwa vilivyomo tayari katika mazingira: kisamvu, matembele na mlenda, mbaazi na kunde, samaki, dagaa na pweza. Mbaazi zina utomvu wa nyuzinyuzi unaochelewesha sukari kuingia katika damu. Korosho zina mafuta mazuri, ila konzi moja inatosha, kwani zina nishati nyingi. Kinachopandisha sukari kwa haraka zaidi ni sukari iliyo katika vinywaji: chai ya vijiko vinne, soda, na juisi zilizotiwa sukari. Msimu wa korosho, fedha zinapoingia mikononi kuanzia Oktoba, ndio msimu ambao vinywaji hivyo huongezeka majumbani. Ndio pia wakati mwafaka wa kutenga nauli ya kliniki za mwaka mzima.

Kuhusu kazi, wanawake wengi wa Mtwara huwa wanatembea na kulima kiasi kwamba mazoezi yalikuwa sehemu ya siku yao. Mambo hubadilika baada ya upasuaji wa titi. Mkono huvimba, mgonjwa huogopa jembe, na jamaa kwa huruma humwambia akae. Miezi ikipita, misuli husinyaa, na misuli ndiyo ghala kuu la kupokea sukari. Mgonjwa aliyepona kidonda anaruhusiwa kurejea kazini hatua kwa hatua: kutembea kila siku, kazi nyepesi za shamba, kisha nzito zaidi kadiri mkono unavyoruhusu. Mkono ukivimba au kuuma, amwone mtaalamu wa viungo.

Miguu ihifadhiwe. Baadhi ya dawa za tibakemikali, kama paklitakseli, hufisha ganzi vidole vya miguu, na kisukari hufanya vivyo hivyo. Mwanamke anayechokoa pweza au kuokota chaza maji yanapokupwa, akiwa peku, huweza kujikata kwenye mwamba asihisi. Viatu vya kufunika mguu vivaliwe, na nyayo zikaguliwe kila jioni.

Mfungo wa Ramadhani

Wagonjwa wengi wa pwani ni Waislamu, na swali la saumu huulizwa kila mwaka. Tamoksifeni na dawa za kuzuia aromatasi humezwa mara moja kwa siku na hukaa mwilini kwa siku kadhaa. Kuhamisha kidonge kutoka asubuhi hadi wakati wa futari hakupunguzi nguvu yake. Mwenye kisukari anayetumia chakula pekee au metfomini mara nyingi huweza kufunga baada ya daktari kumpangia upya dozi. Anayetumia insulini au glibenklamidi yumo katika hatari ya sukari kushuka ghafla, na aonane na daktari wiki kadhaa kabla ya mwezi kuandama. Sukari ikishuka chini ya 3.9 au kupanda juu ya 16.6, saumu ifunguliwe mara moja. Wanazuoni wengi wamekubali kwamba kuchoma kidole ili kupima sukari hakubatilishi saumu, na sheria ya dini yenyewe imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga.

Kisukari kikigunduliwa

Kanuni ya kwanza ni kwamba dawa ya homoni haiachwi bila shauri la daktari wa saratani. Kisukari kitibiwe, na tiba ya saratani iendelee. Mara chache daktari huamua kubadili kundi la dawa, kwa mfano kutoka ya kuzuia aromatasi kwenda tamoksifeni, lakini uamuzi huo huzingatia hali ya hedhi, mifupa, historia ya kuganda kwa damu na hatua ya saratani.

Dawa ya mwanzo kwa wengi ni metfomini, ambayo ni ya bei nafuu na haiongezi uzito. Ikumbukwe kwamba metfomini si dawa ya saratani ya matiti. Jaribio la kimataifa lililohusisha wagonjwa 3,649 na kuchapishwa mwaka 2022 lilionyesha kuwa kwa wasio na kisukari, haikuzuia saratani kurudi. Itumike kwa ajili ya sukari, wala isiwe mbadala wa tamoksifeni. Vivyo hivyo kwa unga wa mlonge na mitishamba inayouzwa stendi na minadani kwa ahadi ya kuponya sukari na saratani kwa pamoja: hakuna iliyothibitishwa kuchukua nafasi ya dawa hizi, na baadhi huweza kuingiliana nazo.

Anayehitaji insulini na hana jokofu anaweza kuihifadhi ndani ya chombo kilichofungwa vizuri, kilichowekwa katika mtungi wa udongo wenye maji, mahali penye kivuli. Shinikizo la damu nalo lipimwe katika kila ziara, maana kwa mwanamke aliyepona saratani na kupata kisukari, moyo na figo ndivyo vinavyofuata kuwa hatarini.

Wajibu wa mhudumu wa afya

Mhudumu wa zahanati anayekutana na mwanamke mwenye kovu la upasuaji wa titi ana maswali matatu ya kumwuliza: anameza dawa gani, vidonge vilivyobaki vitatosha hadi lini, na sukari ilipimwa mara ya mwisho tarehe ngapi. Swali la pili lina uzito uleule wa la tatu. Wengi huacha dawa kimyakimya kwa sababu zimekwisha na nauli haipo, au kwa sababu walisikia kwamba zinaleta sukari. Pale dawa zinapokaribia kwisha, mhudumu awasiliane na hospitali ya mkoa au ya kanda mapema, kabla mgonjwa hajapitisha wiki bila kumeza.

Wanawake hawa waelezwe ukweli wote tangu siku ya kwanza: kwamba dawa huweza kupandisha sukari kwa baadhi yao, kwamba jambo hilo hupimika kwa tone la damu, na kwamba lina tiba. Mgonjwa aliyeambiwa hivyo mapema, siku sukari yake itakapopanda, atakwenda kliniki na daftari lake mkononi na vidonge vyake vikiwa bado vinaendelea.